Askari wa Nani? Asili na Kazi za Makrofaji katika Uvimbe wa Nchi za Ziwa

I

Katika nchi ya Wahaya, tangu Bukoba mjini mpaka Muleba na Kagoma, ambako barabara ya Biharamulo na Lusahunga huanzia, si jambo geni kumsikia mwalimu wa afya akieleza kwamba damu ya binadamu ina askari wake. Msemo huu ulienea sana tangu UKIMWI ulipoingia nchini. Yajulikana kwamba wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983. Hapo mwanzo watu wa huku waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyopendwa sana sokoni wakati ule. Baadaye likaja jina la kitaalamu, na pamoja nalo yakaja maelezo kwamba virusi vyashambulia "askari wa mwili". Hivyo neno la jeshi likaingia katika elimu ya tiba, na hata leo limo katika vitabu vya shule na katika mazungumzo ya zahanati.

Nia ya makala haya ni kumchunguza mmoja wa askari hao, yaani seli iitwayo makrofaji, na kueleza habari zake katika uvimbe wa saratani, hasa katika uvimbe mmoja ulioelezwa kwanza huko Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu, ambao huwapata watoto wa nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Swali letu ni moja tu: seli hii ambayo tumezoea kuiita askari hufanya kazi gani inapokutwa ndani ya uvimbe? Tutaona kwamba jibu la swali hili limegeuka zaidi ya mara moja katika muda wa miaka mia na arobaini, na kwamba neno askari laweza kutuongoza vema au kutupoteza, kwa kadiri tunavyolielewa.

Kabla ya kuendelea yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Matabibu wa Kiarabu walilitumia neno hilo kwa kuufuata mfano wa Wagiriki, ambao waliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa. Neno kansa nalo limetufikia kwa njia ya Kiingereza kutoka katika Kilatini, ambako maana yake pia ni kaa. Kwa hiyo maneno yetu mawili, ijapokuwa yamefika bandarini kwa vyombo viwili, yamebeba mnyama yule yule.

Neno uvimbe nalo lina jambo la kujifunza. Katika Kiswahili uvimbe waweza kuwa wa jeraha, wa jipu, au wa saratani, lugha haitenganishi. Kilatini cha kale kilikuwa vivyo hivyo, maana neno tumor lilihesabiwa na Celsus miongoni mwa dalili nne za mwili uliowaka kwa jeraha au maradhi: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wataalamu wa baadaye walitenga uvimbe wa jeraha na uvimbe wa saratani, nao walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini mwaka 1863 Rudolf Virchow wa Ujerumani alisema kwamba ndani ya uvimbe wa saratani huonekana chembe nyeupe za damu, kana kwamba saratani na jeraha vina udugu. Neno letu pana, basi, halikuwa mbali na ukweli.

II

Makrofaji maana yake kwa Kigiriki ni mlaji mkubwa. Jina hilo lilitolewa na Ilya Metchnikoff, mtaalamu wa elimu ya wanyama, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina katika kisiwa cha Sisilia, akichunguza watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupenya nuru kama kioo hata mtu aweza kuona mambo yanayotendeka ndani. Siku moja aliwachoma wanyama hao kwa miiba ya mwaridi iliyotoka katika bustani ya nyumba yake. Asubuhi yake, alipotazama kwa darubini, aliona kwamba seli zinazotembea zimekusanyika na kuuzunguka mwiba, zikitaka kuumeza. Profesa Claus wa Vienna ndiye aliyempa neno fagositi, yaani seli inayokula. Kisha Metchnikoff mwenyewe akazigawa seli hizo katika walaji wadogo na walaji wakubwa.

Tangu hapo Metchnikoff alieleza habari za walaji kwa lugha ya vita: adui huingia, walinzi hukimbilia mahali alipoingia, hupigana, nao hushinda au hushindwa. Wenziwe wengi wa Ujerumani walimpinga, wakisema kwamba ulinzi wa mwili umo katika maji ya damu wala si katika seli. Mashindano hayo yalidumu kwa muda mrefu, na mwaka 1908 Metchnikoff na mpinzani wake Paul Ehrlich walipewa tuzo ya Nobel kwa pamoja, kama kwamba waamuzi walitaka kuwapatanisha.

Jambo ambalo mara nyingi husahauliwa ni kwamba Metchnikoff hakuanza kwa kuchunguza maradhi. Alianza kwa kuchunguza namna wanyama wadogo wanavyosaga chakula chao. Tena alimchunguza kiluwiluwi anapogeuka chura, akaona kwamba walaji hao hao ndio wanaoshughulika na nyama ya mkia unaotoweka. Hapo hapana adui aliyeingia wala vita iliyopiganwa; kuna kazi ya kuondoa kilichokufa ili mwili mpya upate kujengwa. Basi tangu mwanzo mlaji mkubwa alikuwa na kazi mbili: kupambana na mgeni, na kufagia nyumba na kuitengeneza. Lugha ya vita iliikuza kazi ya kwanza, na ile ya pili ikabaki nyuma. Msomaji na alishike jambo hili, maana ndilo litakalotufungulia mlango tutakapofika katika uvimbe.

III

Sasa tuulize: walaji hawa hutoka wapi? Kwa muda mrefu hapakuwa na jibu moja. Mwaka 1924 Ludwig Aschoff wa Ujerumani aliwaweka katika ukoo mkubwa wa seli za ini, wengu, tezi na uboho, akidhani kwamba huzaliwa hapo hapo zinapokaa. Baada yake Ralph van Furth wa Leiden, Uholanzi, akishirikiana na Zanvil Cohn wa New York, alionyesha mwaka 1968 kwamba seli za uboho huzaa monositi. Monositi husafiri katika damu siku chache. Kisha huingia katika nyama za mwili na kugeuka makrofaji. Wataalamu waliokutana Leiden mwaka 1969 walikubaliana na maelezo hayo, na kwa miaka arobaini hivi yalifundishwa kila mahali: makrofaji wote ni wageni waliotoka katika damu.

Lakini mwaka 2010 Florent Ginhoux na wenziwe, wakiwachunguza panya, walionyesha kwamba walaji wa ubongo hawatoki katika uboho hata kidogo. Asili yao ni mfuko wa kiini unaokuwapo katika siku za kwanza za mimba, kabla uboho haujaumbwa. Kadhalika ilidhihirika kwamba walaji wengi wa ini, mapafu na viungo vingine waliingia humo wakati mtoto alipokuwa tumboni, nao huzaana wenyewe kwa wenyewe bila kungoja msaada wa damu. Kwa hiyo kila kiungo kina watu wa aina mbili: wenyeji waliokuwapo tangu mimba, na wageni wanaoletwa na damu wakati wa haja. Aschoff na van Furth kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa ukweli.

Habari hii haikukosa kuhusu saratani. Mwaka 2014 uchunguzi wa uvimbe wa matiti ya panya ulionyesha kwamba walaji wengi waliomo ni wageni waliotokana na monositi. Mwaka 2017 uchunguzi wa saratani ya kongosho, pia katika panya, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya walaji ni wenyeji wa tangu mimba, na kwamba wenyeji hao ndio waliousaidia uvimbe kukua. Hapo hapakubaki nafasi ya kusema kwamba wenyeji ni wema na wageni ni wabaya, wala kinyume chake. Asili ya seli ni jambo la kujulikana, lakini peke yake haitoi hukumu.

IV

Tuje sasa katika nchi zetu. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairlandi aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenziwe Hugh Trowell amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya zote mbili, pande zote. Burkitt hakuwa amepata kuona jambo la namna hiyo. Baada ya muda mfupi alikwenda Jinja, akakuta mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule, na tumboni mwake mna uvimbe zaidi. Akaanza kuzifuatia habari hizo katika daftari za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza. Ilionekana kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika habari za wagonjwa wa namna hiyo miaka mingi kabla yake. Uvimbe ulikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha mgonjwa huyu na yule.

Burkitt alidhani kwanza kwamba ni saratani ya nyama au mifupa ya taya. Gregory O'Conor, Mmarekani aliyekuwa katika idara ya Profesa Jack Davies huko Makerere, ndiye aliyeonyesha kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa viungo vingine ni ugonjwa mmoja, na kwamba asili yake ni seli za limfu. Kwa sababu hiyo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Baadaye Dennis Wright, naye wa Makerere, alizieleza seli zake kwa undani zaidi.

Mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa motokaa iliyokwisha tumika, wakaenda mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Walikwenda maili 10,000 hivi kwa muda wa majuma kumi, wakizuru hospitali zaidi ya hamsini na kuuliza swali moja: je, mmepata kuona uvimbe huu? Majibu yaliwaonyesha kwamba karibu na ikweta uvimbe ni haba katika nchi zilizo juu ya futi 5,000 hivi, na kwamba kadiri mtu aendavyo kusini ndivyo mpaka huo ushukavyo. Palipo na joto na mvua ya kutosha uvimbe huonekana. Palipo na baridi au ukame hupungua. Bukoba na pwani yote ya Ziwa, ambayo kimo chake ni futi 3,700 na zaidi kidogo, imo ndani ya mipaka hiyo. Nyanda za juu za Muleba zakaribia ukingo wake.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa hotuba katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoleta saratani. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa London kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, akatangaza kwamba ameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Hivyo ndivyo vilivyokuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu, navyo huitwa kwa majina ya Epstein na Barr mpaka leo.

V

Hapo ndipo mlaji mkubwa anapoingia katika hadithi yetu. Mtu akikata kipande chembamba cha limfoma ya Burkitt, akakipaka rangi na kukitazama kwa darubini, huona uwanja mweusi wa seli za saratani, zimebanana, zote zafanana. Katika uwanja huo mmetapakaa madoa meupe, moja hapa na moja pale, kwa nafasi zinazokaribiana. Wataalamu waliuita mwonekano huo mbingu yenye nyota, na kila aliyepata kutazama anga la usiku juu ya Ziwa hatashindwa kuelewa kwa nini. Kila nyota ni makrofaji mmoja, na ndani ya tumbo lake mna mabaki ya seli za saratani alizokwisha kula. Ni kweli kwamba nyota hizo huonekana katika uvimbe wa aina nyingine pia, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema hivyo mwaka 1969 walipoweka maelezo rasmi ya ugonjwa huu. Hata hivyo hapana uvimbe ambao umejulikana kwa nyota hizo kuliko huu.

Mtu wa kwanza kutazama angesema: tazama, askari wako kazini, wanawala maadui! Wengi walifikiri hivyo, wala hawakuwa wapumbavu. Lakini kuna jambo lisilopatana na maelezo hayo. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa uvimbe unaokua upesi kuliko wote. Wingi wa seli zake waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Ikiwa askari ni wengi hivyo na wanakula hivyo, mbona mji unazidi kutekwa?

Jibu ni kwamba seli zinazoliwa zilikuwa zimekwisha kufa. Mwaka 1972 kromosomu isiyo ya kawaida ilionekana katika seli za Burkitt. Mwaka 1976 ilijulikana kwamba vipande vya kromosomu ya 8 na ya 14 hubadilishana mahali. Na mwaka 1982 jeni iitwayo MYC ilitambuliwa kuwa ndiyo iliyohamishwa katika mabadilishano hayo. Jeni hiyo huisukuma seli izae bila kupumzika, na msukumo huo huo huziua seli nyingi njiani. Uvimbe, kwa hiyo, huzaa sana na kufiwa sana. Walaji hufika kwenye msiba, huzika maiti. Kazi yao ni ile aliyoiona Metchnikoff katika mkia wa kiluwiluwi.

Tena kazi hiyo si ngeni mahali hapo. Katika tezi za mtu mzima mwenye afya mna vituo ambamo seli B hufundishwa kutengeneza kinga, na seli nyingi zisizofaulu hufa humo. Mwaka 1885 Walther Flemming aliona ndani ya vituo hivyo vijipande vinavyoshika rangi sana; leo twajua kwamba ni mabaki ya seli zilizomezwa na makrofaji. Limfoma ya Burkitt hutokana na seli za vituo hivyo hivyo. Na mwaka 2023 uchunguzi wa panya ulionyesha kwamba wazikaji wa vituo hivyo hutokana na seli zenyeji wa tezi, wala hawaletwi na damu. Basi yaelekea kwamba nyota za Burkitt ni desturi ya kale ya tezi iliyoendelea ndani ya uvimbe.

Je, mzikaji huyo ana madhara gani? Hapa ndipo habari inapogeuka. Mlaji akimeza maiti ya seli ya mwili wenyewe, hatoi mbiu ya vita. Hutuliza mahali pale, huamrisha kinga ipunguze ukali, huita mishipa mipya ya damu, na hutoa vitu vinavyosaidia nyama kuota tena. Katika jeraha hayo yote ni rehema. Katika uvimbe ni balaa. Christopher Gregory na wenziwe huko Uingereza waliandika mwaka 2015 kwamba katika limfoma za namna hii seli za saratani zinazokufa huwavuta walaji na kuwaamsha wausaidie uvimbe kuongezeka. Walipozuia kufa kwa seli hizo, uvimbe katika panya ulikua polepole zaidi, na walaji walipungua. Kifo cha seli moja kilikuwa chakula cha jirani zake, na mlaji ndiye mpishi.

Tusije lakini tukavuka mpaka tukasema kwamba mlaji ni msaliti siku zote. Mwaka 1967 Burkitt na Sebastian Kyalwazi, daktari mpasuaji wa Uganda, waliandika habari za wagonjwa ambao uvimbe wao ulinywea bila dawa. Mambo hayo ni haba sana, lakini yametokea. Miaka ya karibuni wataalamu wamechunguza aina haba ya limfoma ya Burkitt ambamo walaji hukusanyika kwa vikundi, nao huonyesha alama za seli iliyochukia, isiyotuliza. Na uvimbe wa namna hiyo umeonekana kujizuia usienee. Seli ni ile ile. Amri iliyopewa ni nyingine.

VI

Amri hiyo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka katika uvimbe wenyewe, na sehemu nyingine yaweza kutoka katika maradhi mengine ya mtoto. Tangu miaka ya 1960 Gilbert Dalldorf na wengine waliona kwamba ramani ya Burkitt yafuatana na ramani ya malaria kali. Leo wataalamu wengi wakubali kwamba malaria ya falsiparumu, ikirudia rudia katika mtoto mwenye virusi vya Epstein na Barr, huzichochea seli B zizae kwa wingi katika tezi, na katika pilikapilika hiyo nafasi ya kromosomu kuvunjika huongezeka. Walaji nao hawasaliki. Wengu la mtoto aliyepatwa na malaria mara nyingi hujaa makrofaji weusi kwa rangi ya vimelea waliyoimeza, na mlaji aliyeshiba rangi hiyo hupungukiwa na nguvu zake.

Jambo hili lilijaribiwa katika nchi yetu, pwani ya mashariki ya Ziwa. Katika wilaya ya Mara Kaskazini, tangu 1977 mpaka 1982, watoto walipewa klorokwini mara kwa mara ili ionekane kama uvimbe utapungua malaria ikipungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 na Geser, Brubaker na Draper hayakukata shauri. Wagonjwa wa Burkitt walipungua, lakini upungufu huo ulikuwa umeanza kabla ya dawa. Na malaria yenyewe ilirudi vimelea vilipoizoea klorokwini. Jaribio lilikuwa la busara, bali dawa haikudumu.

Upande wa magharibi wa Ziwa, Muleba ilipatwa na mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2006, na baada yake nyumba zilianza kupuliziwa dawa ya mbu. Kisha wilaya hiyo hiyo ikawa mahali pa jaribio la vyandarua vyenye kemikali ya pili inayovunja ukaidi wa mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, nayo yalionyesha kwamba vyandarua hivyo vinakinga watoto kuliko vile vya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha viunga mkono mwaka 2017. Jaribio hilo halikuhusu saratani. Lakini mtu aliyefuata historia hii ataona kwamba chandarua kinachotundikwa juu ya kitanda cha mtoto wa Kagoma chagusa pia habari ya seli B na walaji wake.

Kagera ilionyesha pia sura nyingine ya jambo hili. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta virusi vya UKIMWI katika asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini, na asilimia 10.0 katika Bukoba Vijijini na Muleba. Kwa shukrani idadi hiyo ilishuka baadaye. Mwaka 1996 mjini ilikuwa asilimia 13.3. Pamoja na UKIMWI ulizidi uvimbe wa Kaposi, ambao ulikuwa ukijulikana Afrika ya Mashariki tangu zamani, hata wataalamu walikuwa wamekutana Kampala mwaka 1961 kwa ajili yake. Virusi vyake viligunduliwa na Yuan Chang na Patrick Moore mwaka 1994. Katika uvimbe huo makrofaji ni wengi. Na mwaka 1986 ilionyeshwa kwamba virusi vya UKIMWI vyaweza kuingia ndani ya makrofaji na kukaa humo. Mlinzi akawa nyumba ya mvamizi.

VII

Turudi sasa katika neno letu. Je, tuliache neno askari? Mimi sioni haja, mradi tulikumbuke kwa historia yake yote. Askari katika Afrika ya Mashariki hakuwa mlinzi wa mji wake tu. Bukoba iliyoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 ilikuwa boma la Wajerumani lenye askari Waafrika. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa wakaishambulia Bukoba na kuubomoa mnara wa simu ya upepo. Na katika jeshi lao walikuwamo askari wa King's African Rifles. Siku hiyo pande zote mbili palikuwa na askari. Jina moja, kazi moja, na wengi wao waliweza kusemezana kwa Kiswahili. Tofauti ilikuwa ni bendera na mtoa amri.

Hivyo ndivyo ilivyo makrofaji katika uvimbe. Kusema kwamba yeye ni askari si kosa. Kosa ni kuacha kuuliza ni askari wa nani. Swali hilo limekwisha kuleta faida. Dawa iitwayo rituximabu, iliyoanza kutumika mwaka 1997, huweka alama juu ya seli B, na miongoni mwa wanaoisoma alama hiyo ni makrofaji, ambao huzila seli hizo zingali hai. Mwaka 2020 ilichapishwa habari kwamba kuiongeza katika matibabu ya watoto wenye limfoma kali za seli B kunawaponya wengi zaidi. Jaribio lingine, la kuzima ishara ambayo seli za saratani huitumia kumwambia mlaji asizile, lilitumainiwa sana. Lakini dawa yake mashuhuri iliachwa katika saratani za damu mwaka 2024. Kubadilisha amri kwawezekana, ila si jambo jepesi.

Kwa wenzangu wa lugha nina ombi moja. Mzazi akiambiwa kwamba askari wa mwili wa mtoto wake wameshindwa, hufikiri kwamba mwili ule ni mtupu, na kwamba vita imekwisha. Habari hiyo si ya kweli. Walaji wamo, tena wengi, na wanafanya kazi usiku na mchana. Wamepewa kazi isiyofaa. Burkitt mwenyewe aliona Kampala watoto waliopona kwa dozi chache za dawa, na leo mtoto wa Kagera aweza kupelekwa hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Lakini uvimbe unaokua maradufu kwa siku mbili haumngojei mzazi aliyekata tamaa. Tukiandika kamusi na vitabu vya afya, basi, tuseme mlaji mkubwa, tueleze kwamba hula maiti na kujenga upya, kisha ndipo tuseme askari. Mzazi atakayesikia hivyo atajua kwamba bado kuna wa kuamrishwa, naye atamchukua mtoto wake mapema.